Kavamita, rada au tindo: utumie nini kutafuta nondo ndani ya zege?

Mzee mmoja wa Nkuhungu, hapa Dodoma, alinikaribisha barazani kwake, akanimiminia chai, akaniacha ninywe kikombe kizima kabla ya kuniuliza swali lake. "Mwanangu, hiyo mashine yako inaiona nondo, au inakisia?"

Nyumba yake ni ya chini, kaijenga kwa awamu, na sasa alitaka kupandisha ghorofa moja ili apangishe. Fundi aliyemwaga nguzo alishahama Dodoma zamani. Ramani aliyokuwa nayo ilionyesha vyumba, milango na madirisha, haina mstari hata mmoja wa nondo. Kilichobaki ni neno la mdomo: "Tuliweka nondo nne za milimita 16 kila nguzo."

Nikamwambia ukweli: inakisia kwa kupima. Kila mashine ina jambo inalolipima vizuri, na ina jambo ambalo itakudanganya ukiliuliza. Maswali kama la mzee huyu nayapata kila wiki. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, nyumba nyingi zilizojengwa kwa ajili ya familia moja zinaombwa kubeba ghorofa, matenki ya maji juu ya slabu, au ngazi mpya iliyokatwa katikati ya sakafu. Tangu jengo la Kariakoo liporomoke tarehe 16 Novemba 2024, watu wanauliza kwa hofu zaidi, na wana haki ya kuuliza. Hapa nalinganisha njia zilizopo, ili ukimwita mtu wa vipimo ujue unamwitia nini.

Tuanze na swali lenyewe

Watu husema "nataka kujua nondo", kumbe ndani ya neno hilo mna maswali manne au matano. Nondo ipo wapi, ili drili isiikate? Imezama kiasi gani, yaani zege linaloifunika lina unene gani? Ni ya milimita ngapi? Ziko safu moja au mbili? Imeanza kuliwa na kutu? Hakuna kifaa kimoja kinachojibu yote. Anayekuambia mashine yake inajibu yote, mwombe aipitishe kwanza mahali ambapo nondo unaiona, kama zile zinazochungulia juu ya nguzo ambazo hazijamaliziwa, ulinganishe namba yake na ya kaliper, kile kifaa cha mkono cha kubana nondo na kusoma unene wake.

Kavamita na rada

Hizi ndizo mbili zinazogombewa.

Kavamita ni koili ya waya ndani ya kiganda cha plastiki unachokitelezesha ukutani. Inatuma mapigo ya sumaku. Pigo likikuta chuma, ndani ya chuma kile huzuka umeme mdogo wenye sumaku yake, na mashine inasoma sumaku hiyo inaporudi. Zege halimo katika hesabu hiyo. Liwe bichi, liwe limekauka kwa jua la Septemba, liwe limelowa mvua ya Januari, jibu ni lile lile. Kokoto za granaiti tunazotumia sana huku kwetu nazo haziisumbui. Kinachoisumbua ni chuma kingine: waya wa kuku uliowekwa chini ya plasta, misumari iliyosahaulika, bomba la chuma la nyaya za umeme.

Rada inafanya kazi kwa mawimbi ya redio. Ni kigari kidogo cha magurudumu unachokisukuma juu ya slabu au ukuta. Wimbi linaingia, na kila linapokuta kitu cha aina nyingine sehemu yake inarudi. Nondo ambayo kigari kinaivuka kwa kuikingama huonekana kwenye kioo kama upinde, na kilele cha upinde ndipo nondo ilipo. Kwa kuwa inasoma mabadiliko yote, rada inaona pia bomba la plastiki, tundu lililobaki ndani ya zege, na upande wa chini wa slabu. Kavamita haioni hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Kwa kina, rada inashinda. Kavamita nzuri inatambua nondo hadi kama sentimita 18 au 20, lakini namba zake unaziamini vizuri zaidi nondo ikiwa ndani ya sentimita 6 hivi. Rada ya zege inafika sentimita 30 au zaidi, na ikiwa safu ya juu haikubanana sana itakuonyesha na safu ya chini. Kavamita inaona safu ya kwanza, basi. Ya pili imejificha nyuma ya ya kwanza.

Kwa unene wa nondo, mambo yanageuka. Rada haitofautishi vizuri milimita 12 na 16. Kwake zote ni upinde. Kavamita inakadiria, ila lazima uelewe inavyokadiria. Nondo nene iliyozama mbali na nondo nyembamba iliyo karibu zinaweza kutoa ishara inayofanana. Ukiipa unene sahihi, inakupa kina kizuri. Usipoipa, inatafuta vyote viwili kwa pamoja, na hapo makosa huanza. Tena nondo zikikaribiana kuliko kina chake, inaziona kama moja. Hata katika hali nzuri, ukiwa kwenye jengo lenyewe, hesabu kwamba kina kinaweza kutofautiana kwa milimita 5 hivi.

Maji ndiyo adui wa rada. Kina chake kinatokana na muda: wimbi linasafiri sentimita 30 kwa nanosekunde (sekunde moja ukiigawa mara bilioni) hewani, na kama sentimita 10 tu ndani ya zege la kawaida. Zege likiwa na maji mengi, mwendo unapungua zaidi na wimbi linamezwa njiani. Zege la wiki moja linaweza kukuonyesha ukungu mtupu. Hapa ndipo Dodoma inatupendelea, kwa sababu kuanzia Juni hadi Novemba slabu zetu zimekauka vizuri na picha inatoka safi. Ukiwa na slabu ya paa iliyokaa chini ya tenki linalovuja, au unapima katikati ya masika, mtu wa rada lazima apime upya mwendo wa wimbi hapo hapo, kwa kutumia mahali ambapo unene wa slabu unajulikana au nondo iliyofunuliwa. Asipofanya hivyo, mahali pa nondo patakuwa sahihi lakini kina kitakuwa cha kubuni.

Liko jambo moja ambalo watu hawalifikirii mpaka wafike kazini. Nguzo nyingi za nyumba zetu ni za sentimita 23 kwa 23. Kigari cha rada kinahitaji nafasi ya kutembea ili upinde ujichore, na nondo kuu za nguzo zimekaa pembeni kabisa. Ukikisukuma kwenye uso wa sentimita 23, kabla upinde haujakamilika umeshafika ukingoni. Kwa nguzo za namna hii sihangaiki na rada, hata mwenye nyumba akiwa tayari kuilipia.

Pima usawa wa kifua

Miaka yangu ya mwanzo nilipima nguzo za jengo moja la ofisi nikiwa nimechuchumaa, kwa sababu juu kulikuwa na makabati. Kavamita ikaniambia milimita 16, kila pembe. Nikaandika 16. Mhandisi wa mradi akakataa kusaini mpaka nguzo moja ifunguliwe, tukaifungua usawa wa kifua. Nondo ilikuwa ya 12.

Mashine haikuwa mbovu. Chini ya nguzo, nondo zinazotoka kwenye msingi hulala sambamba na nondo za nguzo ili nguvu ihame kutoka moja kwenda nyingine, na kwa kanuni iliyozoeleka ya mara 40 ya unene, nondo ya milimita 12 hulaliana na mwenzake kwa sentimita 48. Mimi nilikuwa nimepima katikati ya mlaliano huo. Nondo mbili za 12 zilizogusana zina chuma sawa na nondo moja ya milimita 17, na mashine ikasema hivyo hivyo ilivyoona. Lile kosa linaniuma mpaka leo, maana karatasi ile ingepita, watu wangepandishiwa mzigo juu ya vichwa vyao kwa namba yangu. Kwa hiyo ukimwona mtu anapima nguzo yako akiwa amechuchumaa tu, mwombe ainuke.

Ukitumia kavamita kwenye nguzo, tafuta ringi kwanza, yaani vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kuzifunga nondo kuu. Ndizo zilizo karibu na uso. Pandisha kifaa kutoka chini kwenda juu, kila kinapolia weka mstari wa chaki. Kisha pita kwa upana katikati ya ringi mbili, ukitafuta nondo kuu. Ukipita juu ya ringi yenyewe, inaziba kilicho nyuma yake.

Tindo haijapitwa na wakati

Wapo wanaodhani kwa kuwa tunatafuta nondo bila kuharibu jengo, basi tindo ni aibu. Mimi naona kinyume. Kavamita nguzo zote, kisha dirisha dogo la tindo kwenye nguzo moja au mbili, inakupa uhakika ambao hakuna mashine ya bei yoyote itakupa peke yake. Madhara yanakuja pale tindo inapotangulia: fundi anaanza kuchimbua akitafuta, anakosa, anahamia pembeni, na nguzo inaishia kuwa na makovu matano. Mashine ikishakuonyesha mahali, dirisha la sentimita 10 kwa 10 linatosha.

Kwa mzee wa Nkuhungu tulifanya hivyo. Kavamita ilionyesha 12 kwenye nguzo zote nane, usawa wa kifua. Tukachagua nguzo moja ya uani, katikati ya urefu wake, tukabandua plasta, tukachimbua taratibu kwa tindo na nyundo ndogo mpaka nondo ikatoka upande mmoja. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaweka kaliper. Juu ya mbavu za nondo ilisoma 13, katikati ya mbavu 11 na kidogo. Hiyo ni nondo ya 12. Mzee alijiinamia, akaitazama muda mrefu, akaigusa kwa kidole.

Tofauti inasikika ndogo, milimita nne. Lakini nondo nne za 16 zina chuma cha milimita za mraba 804, na nne za 12 zina 452. Karibu nusu imetoweka. Tena mistari ya chaki ya ringi ilituonyesha jambo baya zaidi: zilikuwa zimeachana kwa sentimita 25 hadi 30. Kanuni ya BS 8110, kiwango cha Uingereza cha ujenzi wa zege ambacho wahandisi wetu wengi wamesomea, inataka ringi zisizidi mara 12 ya unene wa nondo kuu ndogo, yaani kwa nondo ya 12 kama sentimita 14. Ringi ndizo zinazozuia nondo zisipinde nje nguzo inapobanwa, na sisi tunakaa kwenye ukanda wa Bonde la Ufa ambako ardhi hutikisika. Mhandisi alikataa ghorofa kwa nguzo zile kama zilivyo, akaandika mapendekezo ya kuzivika zege na nondo mpya kuzunguka nje. Mzee anajikusanya.

Unapokata slabu

Hapa rada inastahili fedha zake. Chukua mfano wa bomba la maji machafu la milimita 110 linalotakiwa kupita kwenye slabu ya sentimita 15. Tundu lake ni kama milimita 127. Nondo za 12 zilizopangwa kila sentimita 15 zinaacha uwazi wa milimita 138. Una milimita tano na nusu kila upande, na hiyo ni kama safu ya juu na ya chini zimelingana. Zikipishana, hakuna tundu litakalopita bila kukata nondo.

Kazi ya namna hii niliifanya kwenye jengo la vyumba vya wanafunzi upande wa Iyumbu. Kavamita kutoka juu ilinipa safu ya juu vizuri, nikadhani nimemaliza. Rada ikaleta safu ya chini ikiwa imepishana na ya juu, halafu kati yake bomba la plastiki la nyaya za umeme ambalo kavamita isingeliona milele. Tukahamisha tundu sentimita 40 kuelekea ukutani. Fundi bomba alinung'unika kwa sababu ya kona moja ya ziada. Kona inanunuliwa dukani, waya wa umeme uliokatwa ndani ya slabu hautengenezeki bila kubomoa.

Kama jengo ni kubwa na huenda lina nyaya za chuma zilizokazwa ndani ya slabu, usikate chochote bila rada na bila michoro ya mhandisi aliyelibuni. Waya ule umevutwa kwa nguvu ya tani kadhaa. Ukikatika unaweza kuchomoka na kumjeruhi mtu, na sehemu ya slabu inapoteza kilichokuwa kinaibeba. Hapo sina mjadala na mtu yeyote.

Vifaa vidogo, na vikubwa mno

Sumaku kali iliyofungwa kwenye uzi itakuambia kuna chuma karibu na uso, sentimita mbili hivi, haitakuambia zaidi. Ditekta ya mkononi, kile kifaa kidogo cha kugundua chuma wanachotumia mafundi umeme, ni bora kuliko sumaku. Kwa kutundika televisheni, kiyoyozi au kabati inatosha kabisa, na ningependa kila fundi wa Dodoma anayetembea na drili awe nayo mfukoni. Lakini namba yake usiipeleke kwa mhandisi anayetaka kukokotoa mzigo.

Eksirei inatoa picha ambayo hata mtoto ataielewa: nondo, unene wake, mlaliano wake. Lakini inahitaji filamu upande wa pili wa ukuta, watu wote watolewe eneo hilo, na mwenye leseni ya mionzi chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Kwa nyumba ya kuishi sijawahi kuipendekeza.

Wengine wanakuja na nyundo ya Schmidt wakisema wanapima nondo. Ile inapima ugumu wa uso wa zege kwa jinsi inavyodunda. Nondo haiijui. Ultrasaundi nayo kazi yake ni kutafuta mapango ndani ya zege na kupima unene wake, nayo ni nzuri sana pale slabu ilipomwagwa vibaya, ila kwa swali la nondo inakuja baada ya hizi mbili.

Swali la kutu

Maeneo kadhaa ya kanda hii maji ya kisima yana chumvi, na najua nyumba zilizojengwa kwa maji hayo hayo kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Chumvi ikiwa ndani ya zege inaifikia nondo bila kusubiri mvua. Ukiona nyufa zinazofuata mstari wa nondo chini ya slabu, na rangi ya kahawia ikichuruzika, kavamita itakupa unene wa zege linalofunika. Ikikusomea sentimita moja mahali palipotakiwa mbili na nusu, umepata sehemu ya jibu. Ili kujua kama kutu inaendelea, kuna kipimo cha umeme: unaunganisha waya kwenye nondo moja iliyofunuliwa, unapitisha kifaa chenye shaba na salfeti ya shaba juu ya uso uliolowanishwa, unasoma milivolti. Chini ya hasi 350, uwezekano wa kutu kuwa kazini unapita asilimia 90. Rada na kavamita haziwezi kukuambia hilo.

Basi uchague nini?

Kwa nguzo na bimu za nyumba ya kawaida, chagua kavamita na dirisha moja au mawili ya tindo. Kama fedha ni ya jambo moja tu, ni hilo. Kwa kukata au kutoboa slabu inayokaliwa na watu, chagua rada, na kavamita ije pamoja nayo kuthibitisha safu ya juu. Rada peke yake kwa ajili ya kuongeza ghorofa ni hela iliyopotea, kwa sababu swali la ghorofa ni nondo ya milimita ngapi, na hilo rada hailiwezi.

Usikubali kupewa namba kwa mdomo. Taka mistari ya chaki ibaki ukutani, ipigwe picha, kisha taarifa iliyoandikwa tarehe, urefu kutoka sakafuni palipopimwa, na aina ya kifaa. Taarifa hiyo mpelekee mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa sababu mimi napima, kukokotoa ni kazi yake.

Dirisha la tindo likishamaliza kazi yake, lisizibwe kwa plasta ya mchanga na saruji iliyobaki kwenye karai. Safisha vumbi, lowesha zege la zamani mpaka lishibe maji, ziba kwa mota isiyosinyaa, na uibane vizuri nyuma ya nondo pasibaki hewa. Kisha funika kwa gunia bichi na ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Jua la hapa na upepo wake mkavu hukausha kiraka kabla hakijashika, na kiraka kilichopasuka kinafungulia njia ya maji kufika kwenye ile ile nondo uliyotaka kuilinda.